Mdomo wa Sengo

Miaka kumi na tisa Didas alimsemea mtu ambaye hakuwahi kumwona uso kwa uso, wala kuelewa hata neno lake moja. Mtu mwenyewe ni Sengottuvelu, Mtamili wa India, na pale Kahama jina lote hilo lilikatwa likabaki Sengo, watu wakamzoea kama kijana wa mtaa wa pili. Walikuwa na haki ya kumzoea. Sengo aliandika filamu zake mwenyewe, akaziongoza mwenyewe, akacheza humo ndani, akatunga nyimbo na kuziimba. Ilisemwa alianzia juu ya ngazi, anapaka rangi mabango ya sinema za watu wengine, mpaka siku alipochoka kuchora nyuso zisizo zake.

Ikifika saa kumi jioni, Didas alikaa nyuma ya pazia la kibanda chake cha video, akashusha sauti ya Kitamili na kumwaga Kiswahili juu yake. Alikuwa na darasa la nne tu, na hilo la tano alilolikosa anawadai wakubwa mpaka leo. Lakini alitazama mikono ya mtu na macho ya mtu, akajua anasema nini. Ndivyo alivyoamini, na ukumbi mzima uliamini hivyo.

Sauti za wanawake zote zilikuwa za mkewe, Kalista. Mchumba ni Kalista, mama mkwe ni Kalista, jirani mchokozi ni Kalista, hata kichanga kinacholia mgongoni ni yeye. Walirekodi kwenye kanda, baadaye kwenye CD, na sauti zao zikafika Tabora na Kigoma kabla wao wenyewe hawajafika.

Kisha wakubwa wakaleta habari za muhuri wa kodi. Kila CD iwe na muhuri, na muhuri unatoka mjini, na mjini hakuna anayekujua. Wakaja na lori, wakabeba kila kitu mpaka maikrofoni, wakaenda kukichoma moto dampo. Didas akaingia kwenye biashara ya nguo, na nguo zikamleta Guangzhou, Uchina. Kalista alibaki nyumbani. Mwaka ule dunia ilipofungwa, kifua kilimbana siku nne, akafa. Wakubwa wa huku walikuwa wamefunga anga, wakubwa wa kule hawakuwa na mashine ya hewa ya kumtosha kila mtu. Didas alimzika mkewe kwa simu, chumbani kwake mtaa wa Xiaobei, picha ikikwama kila jeneza linapoinuliwa.

Simu hiyo nayo iliibiwa, na kila alichokuwa nacho cha sauti ya Kalista kikaenda nayo. Zikabaki filamu. Mtu fulani, asiyemjua mpaka leo, alikuwa amepandisha mtandaoni filamu thelathini na moja za Sengo zenye sauti zao. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa mawakala wa nguo, Didas alichemsha chai akamfungulia Kalista aseme. Wala hakuwahi kuzihifadhi mahali. Kwake yeye, kitu kikishapanda mtandaoni kimekaa huko kama nyota, nani atakishusha?

Jumatatu moja akafungua, akakuta ukurasa mweusi. Akafungua nyingine, mweusi. Zote thelathini na moja.

Alishuka mtaa wa Dengfeng mbio mbio, slipa mguuni, mpaka kwenye kibanda cha Gitau, Mkenya anayetengeneza simu.

"Umenitilia VPN mbovu wewe, mitandao ya nje haifunguki!"

"Aii, mzee, shikamoo kwanza," Gitau alisema akiipokea simu. Akabonyeza, akasoma. "Hii si VPN. Hii imetolewa na mwenyewe. Mwenye haki ya filamu ameomba zishushwe."

"Mwenyewe nani?"

"Huyu Sengo wako. Kwani hujui? Sahi ni waziri kwao. Ako na chama, ako na bendera, na kura ziko karibu."

"Sengo hawezi kunifanyia hivyo."

"Mzee, wewe na Sengo mlikula wapi pamoja?"

Didas alisimama pale, watu wanampita na mizigo mabegani, na kitu kimoja tu kikawa kichwani mwake: amwone Sengo, amweleze. Mtu aliyewatetea wanyonge vile kwenye filamu, juu ya paa la kinu cha mpunga, hawezi kuambiwa habari ya mjane wa kiume akageuza uso.

Na kama vile Mungu amemsikia, wiki ya maonyesho ya biashara ikaleta habari. Waziri Sengottuvelu yuko Guangzhou na ujumbe wake, wanatangaza fulana za jimboni kwao, na wafanyabiashara wa nguo kutoka Afrika wamealikwa kifungua kinywa katika hoteli moja ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Aliyemletea habari ni Bertila, binti wa Bukoba anayesomea udaktari wa falsafa kwa ufadhili na kukalimani siku za maonyesho.

"Nimekuandikisha, baba. Lakini kila mtu ana dakika mbili tu," alisema. "Uliza bei za fulana kwanza, ndipo uingize lako."

"Fulana za nini, mwanangu? Mimi nina shida ya mtu aliyekufa."

Alivaa suti aliyoinunua kwa ajili ya mazishi ambayo hakwenda.

Ukumbini walikaa kama hamsini hivi, kila mmoja na kikombe cha chai ya maziwa. Sengo alipoingia, Didas aliinuka peke yake, wengine wote wamekaa. Sengo alikuwa amenenepa, nywele zimetiwa rangi nyeusi kupita kiasi, kitambaa cha chama begani. Lakini mkono ulikuwa uleule. Alipouinua kusalimia, Didas alijikuta mdomo umefunguka wenyewe, tayari kumsemea.

Zamu yake ilipofika, Bertila alimshika kiwiko.

"Mwambie mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake," Didas alisema. "Miaka kumi na tisa. Mwambie Kahama, Tabora, Kigoma, akicheka ni mimi, akilia ni mimi."

Bertila alifasiri kwa Kiingereza. Waziri aliangua kicheko kizuri, kilekile cha kwenye filamu, akamshika Didas mikono yote miwili. Akauliza kitu.

"Anauliza yeye alikuwa anasema nini humo," Bertila alisema. "Anataka kusikia Kiswahili chake."

Hapo Didas akasahau fulana, akasahau dakika. Alirudi nyuma hatua moja, akauinua mkono kama Sengo juu ya paa la kinu, mwenye kinu akiwa chini na bunduki, na kule kibandani vijana wa Kahama wamesimama juu ya mabenchi.

"Ninyi mnaokula kwa niaba yetu! Mkashiba kwa niaba yetu! Basi na njaa muione kwa niaba yetu! Mimi sishuki hapa mpaka mnyonge apimiwe mchele wake!"

Mkongo mmoja nyuma akapiga makofi, akaacha. Bertila alifasiri taratibu, na kadiri alivyofasiri ndivyo uso wa waziri ulivyojifunga. Alimgeukia katibu wake, kijana mwenye miwani, wakasemezana. Kisha akatabasamu, tabasamu la kupigiwa picha, akajibu maneno machache.

Bertila alimtazama Didas kwanza.

"Sema, mwanangu."

"Anasema pale juu ya kinu hakusema hivyo. Anasema alikuwa anaposa. Alikuwa anamwomba mwenye kinu binti yake."

Watu wakacheka. Didas hakucheka. Alimwona Kalista nyuma ya pazia, siku ile ya kwanza wanaitazama filamu ile, amemshika mkono. *Wewe Didas, huyu si mgomvi, huyu anaomba mke. Mtazame shingo.* Na yeye akamkaripia: nyamaza, mwanamke, mambo ya wanyonge huyajui. Ukumbi ulipolipuka kwa shangwe, Kalista hakuirudia tena habari hiyo.

"Mwambie mke wangu alijua," alisema. "Mimi nilikosea, yeye alijua. Sauti yake imo mle, na sina nyingine. Sidai haki, sidai kitu. Arudishe moja tu. Hata ile anayolia kama mtoto."

Waziri alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba alisikiliza. Alimpigapiga begani. Wapinzani wake, Bertila alifasiri, wanachukua filamu za zamani, wanamtilia maneno mengine mdomoni, wanayasambaza kwa wapiga kura. Ndiyo maana chama kimeagiza zote zishushwe, hasa zile zilizowekewa sauti za watu wengine. Anasikitika sana kwa msiba. Yeye mwenyewe siku hizi hashughuliki na filamu. Aende kwa katibu.

Mpiga picha akawasogeza pamoja. Taa ikamulika. Mfanyabiashara wa Lubumbashi alikuwa ameshafika nyuma ya Didas, anauliza bei ya fulana.

Katibu alimpa kadi yenye anwani ya tovuti, na fulana moja ya sampuli, saizi ndogo.

Walikaa Didas na Bertila kwenye ukingo wa bustani ya hoteli, magari ya Huanshi yakipita. Bertila alifungua tovuti kwenye simu yake. Ilikuwa fomu ndefu, kila swali lina nyota nyekundu. Jina akajaza. Nchi akajaza. Jina la filamu wakabishana kidogo, maana Didas alizijua kwa majina aliyozipa mwenyewe, na ya kwenye majalada hakuwahi kuyasoma.

"Hapa wanauliza una uhusiano gani na kazi hii."

"Andika mume."

"Baba…"

"Si wameuliza uhusiano? Andika mume."

Bertila alijaribu. Hapakuwa na mahali pa kuandika, palikuwa na vya kuchagua tu. Akamsomea: mtayarishaji, msambazaji, mwanasheria wa mwenye haki.

"Rudia."

Akarudia. Didas alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha, kana kwamba safari hii kutatajwa cha nne.

"Huyo aliyeipanga fomu," alisema mwishowe, "hakufiwa."

Bertila alikuwa na zamu ya kukalimani saa tano. Alingoja mpaka saa tano kasoro dakika tatu, simu wazi mkononi, fomu bado haijatumwa, asijue achague kipi, na mzee hakumwambia achague kipi.