Notisi ya Nyumba Tupu

Mjane alisikia nyundo mlango wa nyuma. Miguu ilikuwa imemgomea wiki nzima, akajikokota kwa kushika ukuta. Kufika, mbao zimeshapigiliwa kwa nje, na nyundo imehamia mlango wa mbele.

"We fundi! Mimi nimo humu!"

Fundi wa halmashauri akaitazama fomu yake. "Mama, fomu yangu inasema nyumba imetelekezwa. Nyasi zimefika dirishani, na barua tatu hazikujibiwa."

"Ningezisoma kwa macho gani? Hebu bandua mbao zako, mwanaharamu we!"

"Sina ruhusa, mama. Mwenye nyumba anatakiwa afike ofisini mwenyewe, na kitambulisho mkononi, ndani ya siku thelathini." Akapigilia msumari wa mwisho. "Tafadhali usichelewe."