Zimeungua

Debora aliuona kabla ya mtu mwingine yeyote: weupe chini ya jani la mnyanya, mwembamba kama unga uliobaki kwenye ungo. Juu ya jani palikuwa na doa lililofifia, kana kwamba limemwagikiwa maji ya moto. Akalisugua kwa kidole, weupe ukatoka, akajifuta kwenye kanga na kunyamaza.

Ulikuwa mwaka wa ile mvua ya Elinino, majani yalipoota Nzuguni hadi milangoni na ukungu wa asubuhi kulala juu ya bustani mpaka saa tatu. Mama yake, Evarista, alikuwa ameipanda ile mistari sita ya nyanya kwa kupapasa. Ugonjwa wa vikope ulikuwa umemgeuza kope zikaingia ndani, na kila alipopepesa zilimkwaruza mboni. Jicho moja lilikwisha kuzima. La pili, daktari alisema, lipasuliwe kabla ya kiangazi, la sivyo nalo litazima. Na hospitali za siku hizi hazikuwa za kwenda mikono mitupu kama zamani. Nyanya zile ndizo zilikuwa jicho la Evarista.

"Debora, nasikia majani yanalia makavu. Yana nini, yameungua?"

"Yameungua, mama."

Ndivyo alivyozoea kujibu. Alitolewa shule darasa la nne ili amshike mama mkono, na hata huko darasani alikuwa akimrudishia mwalimu neno lilelile aliloulizwa. Neno la mkubwa halichekwi na wenzako.

"Ni jua la baada ya mvua hilo. Uyamwagie jioni. Yaogeshe kabisa."

Nani wa Dodoma angewaza vingine? Huku kila kinachonyauka kina kiu; mmea kufa kwa maji ni hadithi ya watu wa pwani. Debora akatoboa kopo matundu, akaziogesha nyanya jioni nne mfululizo, toka kileleni hadi mguuni. Madoa yakawa meusi. Mashina yakachorwa michirizi ya kahawia. Asubuhi ya tano nyanya zenyewe, zingali mbichi, zilikuwa na mabaka magumu kama kovu.

Siku hiyo akapita jirani yao, mzee Castory, aliyefanya vibarua vya zabibu Makutupora misimu mingi.

"Evarista, bustani yako inanuka kama viazi vilivyosahauliwa guniani."

"Na wewe unanuka mvinyo tangu juzi. Nani kakuuliza?"

"Shikamoo, babu," Debora alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Mzee akainama huku bado anacheka, akageuza jani. Kicheko kikakatika.

"Hili si jua. Huu ni ugonjwa wa ukungu. Kule kwenye zabibu tunageuza majani kila asubuhi. Ukiona huu unga kwenye jani moja, unalichuma, na siku hiyohiyo unapulizia yaliyobaki mazima dawa ya mrututu na chokaa. Nani kamwagia maji juu ya majani?"

"Mimi nilimwagiza mtoto. Yalikuwa yameungua."

"Basi mmeuogesha ugonjwa. Maji ndiyo maziwa yake."

"Kuna za kuokoa?"

Castory akatembea mstari kwa mstari. Alirudi polepole.

"Hakuna. Ng'oeni zote leo, mchome. Msiache hata moja iliyooza, wala msitupe kwenye samadi. Mwakani hapa pandeni mahindi. Nyanya zihamie kule, ziachane zipate upepo, na maji yaende mguuni tu."

"Mwakani," Evarista alisema, "itabidi unishike mkono unioneshe huko kule ni wapi."

Castory akashika njia yake.

Waling'oa mpaka jua likainama, mama akifuata mstari kwa vidole. Mashina mabichi hayakutaka kuwaka. Yalitoa moshi mzito, na Evarista akawa anajikandamiza jicho kwa pindo la kanga.

"Usijilaumu, mwanangu," alisema. "Ugonjwa wa namna hii nani angeujua? Hata wewe mwenye macho hukuona kitu."

Debora alichochea moto kwa kijiti. Neno la mama lilikuwa limekaa hapo, tayari, la kurudishwa tu kama mengine yote.

"Niliona, mama," alisema. "Siku ya kwanza. Lilikuwa jani moja tu, na halikuwa limeungua."