Maneno ya Kifudifudi

“Umemuua mume wangu kwa mafuta yako, halafu unaniuliza nina nini?”

Mke wa Seremala alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani na wala hana habari nacho.

“Hajafa, dada,” Vidole, mkandaji wa nyumba ile, alimjibu kutoka mlangoni kwake, taulo la moto bado lipo mkononi. “Nimemsikia asubuhi akikohoa. Usimzike mtu angali anakohoa.”

“Fanya mzaha! Ndiyo kazi unayoiweza!”

Nyumba ile ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana, bomba moja la maji katikati. Neno likidondoka upande huu, upande wa pili wameshaliokota. Mama Redio, ambaye hakuwahi kumiliki redio lakini habari zote zilipitia kwake, alikuwa ameshatoka na beseni la nguo alizozianua muda si mrefu uliopita, na sasa alikuwa anazianika upya, moja moja, bila haraka.

“Jana wamempiga picha hospitali,” mke wa Seremala aliendelea, safari hii akiwaambia wote. “Uvimbe. Umeshika uti wa mgongo. Daktari anasema tungewahi, wangeutoa. Tungewahi! Na mwaka mzima huyu anakanda tu. Mume wangu akitoka kwake ananiambia, ‘Mke wangu, nimepona.’ Amepona nini? Amepakwa mafuta kama mkate!”

Mtu mmoja alicheka, kisha akakigeuza kicheko kikohozi.

Vidole alikuwa mwanamke wa mwili, vidole gumba vimepinda kwa nje kama mkono wa kikombe. Kazi ilivipinda. Alipasha mafuta kwenye kopo lililokaa juu ya maji ya moto, akakulaza kifudifudi godoroni, akakufunika taulo, akatafuta pale palipokaza, na akipapata hang’oki mpaka palegee. Shangazi yake aliyemfundisha alimwachia sharti moja. Mtu akilala kifudifudi, uso umezama kwenye mto, hamwoni anayemsikiliza, kwa hiyo atasema. Akishasema, wewe hukusikia. Godoro lile lilikuwa limepokea mimba, talaka na wizi wa kazini wa nyumba nzima, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuvuka kizingiti. Mama Redio alikuwa akijisikia kuumwa kiuno mara kwa mara kwa sababu hiyo tu, na kila mara aliondoka na kiuno chepesi na masikio matupu.

Ni hapo hapo Seremala aliposema, mdomo ndani ya mto, kwamba hospitali walikwisha kumwona kabla hajaanza kuja kukandwa. Walimwambia arudi apigwe picha. Hakurudi. “Wakiona kitu watanipasua, shemeji. Usimwambie mke wangu, atanikokota.” Vidole alimwambia nenda. Alipokuja tena akamwambia nenda. Baadaye akaapa hamgusi mpaka aende, na mwanamume yule anayebeba milango kichwani akalia kama mtoto aliyenyimwa kunyonya, naye akamgusa. Alimgusa kwa huruma, ndiyo. Lakini pia alipenda, tusifiche, alipenda kumwona akivuka uwanja kwa mwendo ulionyooka, watu wote wanatazama.

“Sema mbele ya watu,” mke wa Seremala alimkazia macho. “Hakuwahi kukwambia kitu?”

Hata Mama Redio aliacha kuanika.

Kwenye benchi la kungojea alikaa mpishi wa shule, mwenye magoti mabovu, zamu yake ilikuwa imefika. Alikuwa anamtazama Vidole kwa jicho la mtu anayejaribu kukumbuka yeye mwenyewe amewahi kusema nini akiwa kifudifudi. Vidole akaliona jicho lile. Akifungua mdomo, amejisafisha leo, na kesho hakuna atakayelala kwake. Asipofungua, ndiye muuaji.

Wakati huo Seremala akatokeza, ameshika fremu ya mlango aliyoichonga mwenyewe. Vidole akavuta pumzi.

“Mwambie mkeo, shemeji,” alisema taratibu. “Mwambie wewe.”

Seremala alimtazama mkewe. Akatazama uwanja, watu, nguo za Mama Redio. Mwisho akatazama chini.

“Mimi nilimwamini,” alisema. “Aliniambia ni misuli tu.”

Taulo lilikuwa limepoa. Vidole alifungua mdomo, na neno lilikuwa tayari ulimini, zito. Akaona yule mwanamume anavyoing’ang’ania fremu ili asianguke. Mtu huyu ataoshwa na kulishwa na mwanamke huyu mpaka siku ya mwisho. Mke akijua kwamba mumewe alijichagulia mwenyewe kutorudi hospitali, mkono huo wa kumlisha utakuwaje?

“Haya,” alisema. “Nimesikia.”

“Mmeona? Hata hakatai!” mke wa Seremala aliwaambia watu.

Mpishi wa shule aliinuka. “Nimekumbuka, nimeacha sufuria motoni,” alisema, akaondoka na magoti yale yale, kwa kasi ambayo mikono ya Vidole haikuwahi kumpa.

Mchana ule hakuja mtu. Vidole alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Jua lilipokuwa linazama na kila mlango unanuka kitunguu, alisikia mtu anagonga dirisha la nyuma, lile la upande wa takataka.

“Vidole.” Alikuwa mke wa Seremala. “Vidonge vimeshindwa. Anakutaka wewe.”

“Mgongo sigusi.”

“Gusa unapojua. Pita huku huku nyuma.”

Seremala hakuweza tena kulala kifudifudi. Walimlaza chali juu ya mito, na kwa mara ya kwanza Vidole alifanya kazi huku uso wa mtu yule uko mbele yake. Hakuna aliyejua aweke wapi macho. Alianza na nyayo, kwa kiganja, wala si kwa kidole gumba, akipanda hadi kwenye mashavu ya miguu na kushuka, polepole, mpaka pumzi ya mgonjwa ikaacha kukatika.

“Shemeji,” Seremala alinong’ona. “Pale nje nilikosa la kusema.”

“Hukukosa. Ulisema vizuri, kila mtu alisikia.”

“Nitamwambia. Nikipata nguvu.”

“Mwambie sasa hivi, yupo hapo sebuleni. Mimi kesho nikifungua mlango sina wa kumwingiza.”

Seremala alifumba macho. Vidole aliendelea kukanda. Baada ya kitambo akatazama vidole vya miguu. Mtu akisinzia kweli, miguu huanguka nje yenyewe, kila mmoja upande wake. Hii ilikuwa imesimama wima, imekaza. Alimfunika shuka, akatoka.

Sebuleni mke wa Seremala alikuwa amepanga sahani tatu, macho yamemvimba.

“Amelala?”

“Amelala,” Vidole alisema.

Huko nje, bombani, sauti ya Mama Redio ilikuwa inasimulia upya, na mafuta sasa yalikuwa yamegeuka sumu. Vidole alipita mezani, akaufungua mlango wa mbele, mguu mmoja akauweka uwanjani. Nyuma yake akasikia sauti ya mke wa Seremala ikimwita, ndogo kuliko alivyodhani sauti ile inaweza kuwa.

“Jirani. Tangu mchana jiko lako halijawaka, nimeona. Rudi ndani tule.” Kiti kilivutwa. “Ila huo mlango urudishie kwanza, watu wasione.”