Sekunde Kumi za Baba

Baba yangu ni mpiga picha, na nyumbani tuna maboksi sita ya picha zetu. Yeye hayumo hata katika moja. Miaka yote hiyo yuko nyuma ya kamera, na kamera yake haruhusu mtu mwingine aiguse. Siku ninayoisimulia, mimi kesho yake nilikuwa nasafiri kwenda kazini mbali, mkataba wa miaka mitatu, na nilikuwa nimeapa siondoki bila picha yenye sura yake.

Basi alasiri ile tukapanda kilimani, nyuma ya matangi ya maji, ambako maua ya mwituni huchanua wiki mbili tu baada ya mvua. Yalikuwa yamefurika, ya njano na zambarau, yanatufika magotini. Mama alivaa gauni lake la kijani. Mdogo wangu Kasuku, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa ameshaanguka mara mbili kwa furaha.

Baba akasimamisha kamera kwenye stendi, akaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi.

"Nikibonyeza nakuja. Msitikisike!"

Akabonyeza, akatimua mbio na goti lake bovu. Tukamshangilia kama yuko uwanjani. Akafika mapema kabisa, angekaa tu! Lakini akaiona kola yangu imekunjika, akainama kuinyoosha. Kacha! Kamera ikapata mgongo.

Mara ya pili alikaa, akamgeukia Kasuku. "Inua kidevu, mwanangu." Kacha! Kisogo. Mara ya tatu alifika katikati ya maua, akarudi, eti mwanga umebadilika. Ilipofika ya tano nilikuwa nimepandwa na hasira.

"Baba, leo wewe si fundi! Leo wewe ni mteja!"

"Mteja gani anapigwa picha kola imepinda?"

"Taa ya betri imekuwa nyekundu!" Kasuku akapiga kelele.

Na betri ya akiba, Baba ambaye hajawahi kuisahau kwa ajili ya mteja yeyote, alikuwa ameiacha studio. Nilitaka kulia.

Mama akakunja mikono ya gauni. "Bonyeza uje," akamwambia Baba. "Mengine niachie mimi."

Akaja anahema. Alipotua tu, Mama akamdaka shati kwa nyuma, mimi nikamkamata mkono, Kasuku akamrukia mgongoni.

"Kasuku, kidevu cha..."

"Nyamaza, tazama mbele!" Mama akafoka.

Kacha!

Tukaikimbilia kamera tukisukumana. Yumo! Baba yumo! Shati limemtoka, mdomo wazi, maua yamemzunguka, nasi tumemng'ang'ania kama tumekamata mwizi. Niliruka, nikapiga vigelegele peke yangu kule juu kilimani, wala sikuona haya.

Baba akavaa miwani, akaiinamia kamera. Nikasubiri aanze kukosoa videvu. Hakukosoa. Aliikuza sura yake mpaka ikajaa kioo kizima, akaitazama kwa muda, kama anavyotazama mteja anayemwona mara ya kwanza.

"Nimezeeka lini mimi?" akauliza.

"Ulipokuwa unatupiga picha," Mama akamjibu, huku akimchomekea shati.