Alichowaachia Mama

Msusi alimlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki kwa saratani ya matiti, ugonjwa ule ule uliokuwa umemchukua mama yao mkubwa. Alimwita Kifaranga, na hata sasa akiwa binti mzima anayepaka rangi majumba ya watu, jina halijambanduka.

Msusi ndiye aliyeshikilia wapimwe damu. Kifaranga alimfuata shingo upande. Siku ya majibu waliingia pamoja. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, aliwaeleza kwamba kila siku chembe za mwili hupata dosari, na mwili hujirekebisha wenyewe. Wapo wanaorithi kasoro kwenye vinasaba inayopunguza uwezo huo, na kwa mwanamke, hatari ya saratani hupanda. Kurithi kasoro si kuugua, alisisitiza, ila lazima mtu achunguzwe kila mwaka.

Msusi hakuwa nayo. Kifaranga alikuwa nayo.

Msusi alikuwa amejiandaa kuambiwa ni yeye. Akaangua kilio, hadi daktari akabaki na kitambaa mkononi, hajui ampe nani.

"Afadhali ingekuwa kwangu," alisema. "Ningeibeba."

"Umenibeba vya kutosha, dada," Kifaranga alimjibu, amemshika bega. "Hii niachie. Wewe njoo tu tukae wote kwenye benchi la hospitali."

Wakakaa wote, mwaka hadi mwaka. Siku hizo saluni ilifungwa, na wateja waliotaka kununa walinuna. Mwaka wa tatu kipimo kikaonyesha kivimbe kidogo mno, ambacho mkono usingekigundua. Kifaranga akafanyiwa upasuaji, kisha dawa kali, na nywele zikaanza kudondoka.

Kichwa kile msusi alikuwa amekisuka tangu utotoni. Alifunga mlango wa saluni, akakinyoa taratibu kwa mkono wake. Kifaranga alijitazama kwenye kioo, akauliza masikio yake yalianza lini kuwa makubwa namna ile.

"Tangu uzaliwe," msusi alisema. "Nilikuwa nakufichia."

Walicheka mpaka ikabidi wembe uwekwe chini.

Matibabu yalipokwisha, daktari hakuona dalili ya ugonjwa. Nywele ziliota upya, laini kama za mtoto mchanga, na Kifaranga akakataa katakata kusukwa, eti kichwa kimezoea upepo. Msusi alinung'unika kidogo. Lakini kila wakikutana hupitisha kiganja juu ya nywele zile, akisingizia kuangalia zimefikia wapi, na Kifaranga humwinamishia kichwa.