Chapa Mgongoni mwa Gitaa

Kuntai hakuuliza bei. Alilaza gitaa kifudifudi juu ya kaunta ya duka lake la dawa za mifugo, pale Kajiado mjini, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake polepole, kama anavyopapasa ng'ombe mnadani. Karibu na shingo, kidole kikasimama.

"Hapa palikuwa na alama," alisema.

"Ndiyo. Niliitoa kwa msasa."

Labda ningejibu vingine. Lakini mimi ni fundi wa mbao, nina diploma na karakana Kitengela, na mteja akiniuliza nimefanya nini, ninamwambia.

Gitaa hilo ni la umeme, ila tumbo lake ni tupu kama la gitaa la kawaida. Ni la miaka ya sitini. Nililinunua Magadi kwa mjane anayeitwa Naliaka, siku alipokuwa akifungasha vitu kuhama nyumba ya kampuni na kurudi kwao Bungoma. Shingo ilikuwa imeng'oka na nyaya zote zimeliwa na kutu. Nilichukua miezi minne kulifufua. Mgongoni mtu alikuwa amechoma herufi mbili kwa waya wa moto, zimepinda vibaya. Niliziona uchafu, nikazisugua mpaka zikaisha, nikapaka vanishi.

Sasa ilikuwa Ijumaa, Januari 2002, saa tisa alasiri. Jumatatu binti yangu Valerie alitakiwa kuripoti chuo cha uuguzi, na karo yake ilikuwa gitaa hilo. Sikuwa na kitu kingine cha kuuza.

"Mama Valerie," Kuntai aliniita, kwa upole ambao sikuupenda. "Huku kwetu, mtu anayefuta alama ya mnyama tunamwita nani?"

"Hiyo si mnyama, mzee."

"Nimekuuliza tunamwita nani."

"Mwizi."

"Sawa. Umesema mwenyewe."

Wanaume wawili kutoka bucha ya jirani walikuwa wameshasimama mlangoni. "Ni ng'ombe gani huyo hana miguu?" mmoja aliuliza.

"Huyo anakula stima," mwenzake akamjibu, wakacheka.

Kuntai hakucheka. Binti yake Nashipae, anayeongoza nyimbo kanisani, ndiye aliyelitaka gitaa. Alikuwa amelijaribu kwa saa nzima, na vidole vyake bado vilikuwa juu ya nyuzi.

"Papa, hii ni nzuri kuliko zote tumeona."

"Wewe umeangalia meno. Mimi naangalia ngozi." Akanigeukia. "Barua ya chifu ya kuonyesha uliuziwa iko wapi?"

"Ya gitaa? Chifu angenicheka."

"Angekucheka akiandika. Huyo mama wa Magadi ana simu?"

"Hana."

"Basi hii haiondoki na wewe. Tunaenda nayo kituoni, mimi na wewe. Polisi watauliza."

Gitaa likiingia stoo ya polisi kama ushahidi, Valerie angekuwa na wajukuu kabla sijalipata. Na mtaani wangesema mama fundi ameshikwa kwa wizi, basi. Nani angeniletea hata kiti cha kupigilia msumari?

Nilitoa kitambulisho nikakiweka juu ya kaunta kwa nguvu. "Naitwa Nelima Wangila. Andika namba. Karakana yangu iko nyuma ya soko la Kitengela, uliza mama fundi, hata mtoto atakuleta. Kama niliiba utanikuta hapo hapo. Niko na mashine ya randa ya kilo mia tatu, nitakimbia nayo wapi?"

Kuntai alisoma kitambulisho pande zote mbili.

"Kuna njia moja," alisema mwishowe. "Nitampiga chapa yangu. Hapa nje, mchana, watu wakiona. Mwenyewe akitokea, ataona alama yangu atanijia mimi. Na mimi nitakujia wewe."

Kwa mtu wa mifugo, hiyo ilikuwa sawasawa. Nilikubali kabla sijafikiri. Ni pale chuma chake cha chapa kilipotoka kwenye makaa ya nyama choma ya bucha, chekundu kama nyanya, ndipo nilipokumbuka kwamba mgongo ule hauzidi unene wa sarafu mbili.

"Ukibandika hicho kitatokea upande wa pili!"

"Mama, nimepiga chapa ng'ombe miaka thelathini. Hakuna hata mmoja alitoboka."

"Ng'ombe ana nyama ndani. Huyu ana upepo. Lete hapa."

Nilimnyang'anya. Nilisubiri wekundu ufe, nikajaribu kwenye kifuniko cha sanduku la mbao la dawa. Chuma kikazama. Nikasubiri tena, nikajaribu tena. Mara ya tatu kiliacha mstari wa kahawia tu. Nashipae alishika gitaa kwa mikono miwili, amefumba macho. Nilibandika, nikahesabu moja, mbili, nikainua.

Moshi wa vanishi ulinipiga usoni. Ukapungua. Alama ya Kuntai ilikuwa imekaa pale, nyembamba, safi, na mbao ilikuwa nzima.

"Amekubali!" watu wa bucha wakapiga makofi.

Nashipae alichomeka waya kwenye amplifaya akapiga. Kila mtu alitikisa kichwa kwa furaha. Sasa Kuntai akauliza bei, nikaitaja; akatoa bunda la noti kwenye koti, akaninyooshea.

Nami nikasikia. Kwenye uzi mnene, kitu kilitetema ndani, kidogo sana, kama nzi ndani ya chupa.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika nusu ya njia.

"Ngoja," nilisema. "Kuna kitu kimelegea."

"Mimi sijasikia," Nashipae alisema.

"Piga ule mnene. Tena. Moto umeyeyusha gundi inayoshika nyaya ndani. Sasa hivi haisumbui, lakini ukiongeza sauti kanisani, itanguruma mpaka mchungaji anyamaze."

Kuntai aliangalia noti, akaniangalia mimi.

"Wewe ungekuwa mwizi," alisema taratibu, "saa hii ungekuwa umepita Isinya na hizi pesa."

Akaniwekea noti mkononi, akanikunja vidole juu yake. Nilizisukuma kifuani bila kuzihesabu, kwa sababu nilihitaji mikono yote miwili.

"Nani ana hanga ya nguo, ile ya waya, nizirudishe nyaya mahali pake? Na tochi. Nashipae, mulika hapa kwenye tundu la tumbo lake. Usitingishike. Hata kupumua, pumua kidogo."