Daraja Nililolipaka Rangi

Gari letu la kubebea ndoo za rangi lilikuwa limevuka milima miwili bila kukohoa hata mara moja, na hilo peke yake lingetosha kuwa muujiza wa safari nzima. Mimi nilikuwa kwenye usukani, mke wangu pembeni, ramani mapajani. Tulikuwa tunakwenda kumtembelea binti yetu, mwendo wa siku tatu. Njia niliipanga mwenyewe kwa wiki mbili, kwa akili nyingi, ili tulizunguke lile jiji kwa mbali, tusione hata moshi wake.

"Kata kushoto," akasema mke wangu.

"Kushoto kuna nini?"

"Kuna jiji lako."

Nikajitia hamnazo. "Jiji langu lipi tena?"

"Baba watoto, usinichezee. Hilo lenye daraja. Miaka arobaini na moja nalisikia, leo liko kilomita kumi na mbili kutoka puani kwangu, halafu unataka tulipite kwa mbali kama watu walioiba kuku?"

Nikakata kushoto. Ningefanyaje?

Sasa nieleze kwa nini jasho lilikuwa linanitoka na dirisha liko wazi. Mimi ni fundi rangi mstaafu. Nyumba nilizozipaka ukizipanga mstari zitatoka hapa mpaka kwenye mwezi na kurudi, tena zitabaki mbili tatu za kukodisha. Lakini nyumba zote hizo nilizipaka nikiwa chini. Ngazi sikuwahi kuvuka kipandio cha nne. Juu ya hapo dunia huanza kuzunguka, kwa hiyo za ghorofa niliwaachia vibarua, nami nikabaki chini natoa amri.

Basi siku nilipokwenda kujitambulisha kwa baba wa mke wangu, seremala mwenye jicho la kupima mbao, mzee alinitazama akaona nimepinda. Kulikuwa na mwenzangu mmoja aliyemtaka binti huyo huyo, karani wa posta mwenye baiskeli yenye kengele, naye alikuwa ameshapeleka salamu zake. Mzee akaniuliza, "Kijana, wewe umefanya nini hapa duniani?" Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepaka milango miwili na choo kimoja. Nikafungua kinywa, likatoka daraja.

Nilikuwa nimeliona asubuhi ile ile, kwenye kipande cha gazeti walichonifungia misumari dukani. "Nimepaka rangi lile daraja kubwa, mzee. Miaka miwili." Mzee akashusha randa yake. "Rangi gani?" Picha ya gazeti haikuwa na rangi. Nikasema, "Nyekundu."

Posa ikakubaliwa. Na binti mwenyewe akaniambia baadaye, kwa kinywa chake, kwamba kilichomvuta ni lile daraja. Alisema mtu aliyening'inia kwa kamba juu ya bonde lile hawezi kuogopa maisha.

Tangu hapo daraja likawa linakula na kunywa nyumbani kwetu. Likaota kamba, likaota tai aliyeninyang'anya kofia, likaota ndoo iliyopeperushwa na upepo ikapaka basi zima jekundu, abiria wakiwa ndani. Watoto walilala kwa hadithi hiyo. Mke wangu, fundi cherehani aliyeshona sare za shule miaka thelathini, aliwasimulia wateja huku mguu uko kwenye pedali. Na huyu si mwanamke wa maneno ya kubuni. Mshono ukipinda upana wa uzi mmoja, anafumua, hata mteja akiapa kwamba hauonekani. Kwa jina langu aliwahi kuapa mbele ya watu.

Mnaona nilikuwa nikiendesha kuelekea wapi.

Jiji lilianza taratibu, kisha likatushukia lote kwa mpigo. Lilijengwa kwenye kuta za bonde, nyumba zimekaliana mabegani, paa la huyu ndilo baraza la yule. Nilimwona mama mmoja akifagia uwanja wake, na moshi wa jiko la jirani ukimtokea katikati ya miguu. Barabara nyingine hazikuwa barabara, zilikuwa ngazi, na watu walipanda na mitungi ya gesi mgongoni huku wakibishana habari za mpira bila kuhema. Tukapita mtaa unaouza milango mitupu, mamia ya milango imesimama na hakuna nyumba hata moja. Tukapita mtaa wa vifungo. Mke wangu akashusha kioo, akatoa kichwa chote nje.

"Vifungo vitupu! Baba watoto, mtaa mzima wa vifungo, hukuwahi kuniambia!"

"Vilikuwa havijafika," nikasema.

Kisha kona, kinyozi wa pembeni, na nyumba zikaisha ghafla kama zimekatwa kwa mkasi. Mguu wangu ukakanyaga breki wenyewe.

Hapa nitakayoyasema yapokeeni hivyo hivyo yalivyo, maana hayahitaji chumvi yangu. Daraja lilitoka kwenye mlima mmoja likaenda kwenye mlima mwingine, na katikati hapakuwa na kitu ila hewa. Nguzo zake zilishuka, zikashuka, mpaka macho yakachoka kuzifuata. Chini kabisa mto ulikuwa uzi. Tai wawili walikuwa wanazunguka, nasi tuliwaona migongo. Nimezeeka nikiwaona ndege matumboni, sikujua kama wana migongo. Kivuli cha wingu kilipita juu ya nusu ya jiji, kikaacha nusu nyingine inawaka jua, na lile daraja lilikuwa ndani ya vyote viwili.

Na lilikuwa la kijivu. Kijivu tupu, mwanzo hadi mwisho.

Mke wangu akashuka. "Wekundu uko wapi?"

"Jua," nikasema. "Jua la huku linafuta."

Akaenda kwenye ukingo, akalipapasa kwa vidole viwili na gumba, kama anavyopapasa kitambaa cha muuzaji asiyemwamini. Karibu yake alikuwepo dada mmoja mkaguzi, kofia ngumu kichwani, anagonga zege kwa nyundo ndogo na kutega sikio, anasogea hatua moja, anagonga tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi daraja hili limepakwa rangi mara ngapi?"

"Rangi?" Yule dada akacheka. "Halijawahi, mama. Tangu zege lilipokauka hakuna brashi iliyoligusa. Ukilipaka rangi, utazionaje nyufa? Tunaliacha hivi makusudi."

Nikaona niokoe jahazi.

"Sisi," nikasema, "tulilipaka rangi ya zege."

Mkaguzi alicheka mpaka kofia ikamwangukia machoni. "Mzee, wewe nitakuchukua uwe unatuchangamsha kazini!" Mke wangu hakucheka. Alinitazama, akasema, "Sawa." Neno hilo moja. Kisha akashika njia ya waenda kwa miguu, akaanza kulivuka daraja peke yake.

Ningekuwa na akili ningebaki garini. Lakini mgongo wake ulikuwa unaondoka, na nilijua kwamba nikiuacha ufike ng'ambo bila mimi, kuna kitu kitakuwa kimeishia hapo. Nikashika reli kwa mikono yote miwili, nikaanza kwenda kiubavu, kama kaa. Kila lori lililopita, daraja lilinong'ona chini ya viatu vyangu. Mama mmoja mwenye kikapu akanipita. Akanipita tena akirudi.

Mke wangu alikuwa amesimama katikati, ananisubiri. Hakugeuka.

"Sijawahi kufika hapa," nikasema. "Hata siku moja. Nililiona kwenye gazeti."

"Nimejua pale kwenye kona, kabla hata ya yule binti na nyundo yake. Uliachama mdomo. Mtu hakiachamii hivyo kitu alichokipaka miaka miwili."

"Nilitaka unichague mimi."

"Nimewaapia watu, wewe. Nimemwapia mwalimu mkuu!" Akaipiga reli kofi. "Miaka arobaini na moja nalibeba hili daraja kichwani, jekundu. Sasa nitalifua na sabuni gani?"

Kinywa ambacho hakijawahi kunitupa kilikuwa kikavu kabisa. Tai mmoja akapanda kutoka chini, polepole, bila kupiga bawa, akapita usawa wa nyuso zetu. Tuliiona mboni yake. Ikatutazama mmoja mmoja, na tai akaendelea kupanda.

"Lo," akasema mke wangu, chinichini.

Tukamfuata kwa macho mpaka akawa nukta. Ng'ambo, madirisha ya jiji zima yalikuwa yameshika jua, maelfu kwa maelfu.

"Kumbe daraja hili ulikuwa unalipunguza ukubwa," akasema. "Pamoja na uongo wako wote, ulikuwa unalipunguza."

Kisha akatoa simu. "Lakini leo watoto watajua." Akampigia binti yetu, akaweka sauti ya juu ili nisikie hukumu yangu. "Mwanangu, tuko kwenye daraja. Baba yako hakulipaka rangi. Halijawahi kupakwa na mtu yeyote, ni zege tupu. Tena anaogopa urefu, hapa amening'inia kwenye reli kama shati lililoanikwa."

Kicheko kikatoka upande wa pili. "Baba? Aliyekuwa anakula chakula cha mchana juu ya kamba? Mama, hata wewe siku hizi! Amekuambukiza!"

"Nakwambia kweli!"

"Na yule tai je?"

"Tai yupo! Sasa hivi kapita hapa puani, katukodolea macho!"

"Basi, mama, basi, mbavu zangu jamani."

Mwanamke huyu hajawahi kukanushwa tangu azaliwe. Uso ukamvimba. Akanisukumia simu sikioni. "Mwambie wewe!"

"Mwanangu," nikasema, "mama yako anasema kweli tupu."

Huko kwa binti yetu nikasikia kitu kimeanguka, nadhani ni yeye mwenyewe, kwenye kiti. "Sasa mmekuwa wawili!" akapiga kelele. Mke wangu akakata simu. Akaitazama, akanitazama mimi, akalitazama lile daraja lililotoka mlimani kwenda mlimani.

"Tutamleta," akasema. "Aje aguse mwenyewe."

Akaushika mkono wangu uliokuwa kwenye reli, akabandua kidole kimoja, kisha kingine, mpaka vyote vikaachia. Akavifunga ndani ya kiganja chake. Bado tulikuwa na nusu nzima ya kuvuka.